Uhuru wa Kukodi

Nina picha moja ambayo watu huipenda sana. Nimekaa juu ya pikipiki nyekundu pembeni mwa barabara ya Ma Pi Leng, kaskazini kabisa mwa Vietnam. Nyuma yangu mlima umekatika ghafla hadi chini kabisa, uliko mto Nho Que wenye maji ya kijani. Helmeti nimeitundika kwenye saidi mira ili uso uonekane vizuri. Chini ya picha niliandika neno moja tu: Uhuru. Marafiki waliniuliza bei ya tiketi, bei ya kukodi pikipiki, mwezi mzuri wa kwenda. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuendesha pikipiki.

Nilikuwa sijui. Haikupita saa moja tangu picha ile ipigwe, nikamgonga mwanamke aliyekuwa akitembea kwa miguu, nikamvunja mkono.

Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kubishana. Nimechoka na simulizi za safari ambamo kijana anakwenda nchi ya watu, anakodi pikipiki asiyoiweza, anaanguka, anapata kovu, kisha kovu linageuka hadithi ya ushujaa. Mimi mwenyewe niliwahi kuisimulia hivyo, mezani, watu wakacheka. Hoja yangu leo ni fupi: kama pikipiki huijui kwenu, usiende kujifunzia kwa watu. Sisemi uwe mwangalifu. Nasema usipande.

Nianzie nyumbani, maana mwenye haki ndogo kabisa ya kufanya nilichofanya ni mtu wa kwetu.

Nimekulia Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Tangu nikiwa mdogo nimewaona watalii na vespa zao za kukodi, vifua wazi, ndara miguuni, mmoja anaendesha na mwingine nyuma anapiga picha. Barabara ile ile ndiyo wanayopita watoto wakitoka chuoni na majuzuu yao, na akina mama wakitoka ufukweni na viroba vya mwani vichwani. Kisheria mgeni anatakiwa awe na leseni ya kwao na achukue kibali cha muda. Lakini kibali ni karatasi, na karatasi haijui kukata kona kwenye mchanga.

Siku moja mtalii aligonga mbuzi wa bibi yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alishuka, akashika kichwa, akaomba samahani kwa mikono miwili, akatoa noti kuzidi bei ya mbuzi. Kisha akapanda vespa yake akaenda zake kuogelea. Bibi alizikunja zile noti akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema maneno ambayo tangu siku hiyo yakawa msemo wa nyumba yetu: "Kwao hafanyi hivi."

Alikuwa sahihi. Kwao hapandi chombo asichokijua na kupita nacho katikati ya watoto wa shule. Kwao kuna askari, kuna bima, na kuna jirani atakayemuuliza mama yake. Kwetu alijiona kama yuko ndani ya picha, na katika picha watu wengine ni mandhari.

Basi mimi, mjukuu wa bibi huyo, mwaka 2023 nilikuwa nasoma Bangkok. Mwezi wa Machi wanafunzi wanne tuliruka hadi Hanoi, tukapanda basi la usiku, kilomita takriban 300, tukashuka asubuhi mjini Ha Giang. Kutoka hapo kuna njia ya milimani ya kama kilomita 350 ambayo watalii huizunguka kwa siku tatu au nne, wakirudi pale pale walipoanzia. Wenyewe huiita Mzunguko. Bwenini tulipolala, kila kijana alikuwa amefika kwa ajili hiyo tu.

Mwenye pikipiki hakuniuliza leseni. Alichukua pasipoti yangu kama amana, akanionyesha breki, akanionyesha gia nne zisizohitaji klachi, akaniacha nizunguke uani kwa dakika kumi na tano. Nilipofanikiwa kusimama bila kuanguka alinyanyua dole gumba. Simlaumu sana. Mjomba wangu wa Jambiani naye anakodisha vespa, na nimemwona akinyanyua dole gumba lile lile.

Sheria ya Vietnam haina utata. Pikipiki ya zaidi ya cc 50 inataka leseni, na helmeti ni lazima kwenye barabara zote tangu Desemba 2007. Leseni yangu ilikuwa ya gari dogo tu. Wote tulijua. Wenzetu wa bwenini walikuwa wanaijua bei ya faini ya askari wa barabarani kama mtu wa Dar anavyoijua nauli ya daladala, wakaiweka kwenye bajeti pamoja na chakula. Hili ndilo la kwanza la kukasirisha. Tunaichukua sheria ya watu, iliyotungwa baada ya watu wengi kuzikwa, tunaifanya tiketi ya kiingilio.

La pili ni barabara yenyewe. Sehemu yake kubwa inaitwa Hạnh Phúc, yaani Furaha. Ilijengwa kati ya mwaka 1959 na 1965, zaidi ya kilomita 180, na maelfu ya vijana wa makabila mengi, kwa nyundo, patasi na baruti. Pale Ma Pi Leng walijifunga kamba viunoni wakaning'inia kwenye jabali, kwa miezi kama kumi na moja, wakilichonga kidogo kidogo. Wengine walikufa na hawakuiona ikikamilika. Waliijenga kwa sababu watu wa juu kule, wengi wao Wahmong, walikuwa wakitembea kwa miguu na farasi siku nyingi kufika sokoni. Barabara ile ina mwanzo na ina mwisho: inaanza nyumbani, inaishia sokoni, shuleni, zahanati. Sisi ndio tuliogeuza safari hiyo kuwa mzunguko, kwa sababu hatukuwa na pa kwenda.

Siku ya tatu, baada ya picha ya Ma Pi Leng, nilisimama kunywa maji. Nilipoondoka nilishika upande wa kushoto. Nyumbani tunaendesha kushoto, na Thailand nako kushoto. Vietnam ni kulia. Kwa siku mbili nilikuwa nikikumbuka kwa sababu mbele yangu kulikuwa na wenzangu. Sasa walikuwa wametangulia na barabara ilikuwa tupu, mikono ikarudi kwao. Niliteremka kama kilomita moja katika upande usio wangu, nikiimba.

Kwenye kona nikakutana na lori. Dereva alipiga honi na breki kwa pamoja. Mimi nilikamata breki ya mbele kwa nguvu zangu zote, kosa ambalo kijana yeyote wa bodaboda wa Mwanakwerekwe angekuambia usilifanye kwenye changarawe, nikaelekeza pembeni. Na pembeni palikuwa na mtu. Mwanamke wa makamo, kikapu kirefu mgongoni kimejaa majani ya ng'ombe. Pikipiki iliteleza ikamfuata, ikamwangusha.

Nilinyanyuka na goti linavuja damu. Yeye alikuwa amekaa juu ya majani yake, ameshika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kimya. Kifundo kilikuwa kimepinda. Nikatoa simu, nikaandika kwa Kiingereza kwamba samahani, sikukusudia, programu ikageuza kuwa Kivietnam, nikamwonyesha. Akaitazama simu, akanitazama mimi. Alikuwa anazungumza Kihmong. Mtoto wa shule aliyekuwa akipita, labda wa miaka kumi na miwili, akaisoma ile sentensi na kumweleza kwa lugha yao. Mama yule akajibu kwa maneno machache. Mtoto akayaandika kwenye simu yangu kwa Kivietnam, na programu ikanirudishia: anauliza nani atapanda mahindi.

Mwezi wa Machi kule ni wakati wa kupanda. Milima ile ni mawe matupu, na watu hupanda mahindi katika nyufa za mawe, kiganja kimoja cha udongo hapa, kingine pale. Ni kazi inayotaka mikono miwili.

Wa kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilimvunja mkono mwenye jembe.

Akaja shemeji yake na pikipiki, akatupeleka mmoja mmoja hadi zahanati, kisha hospitali ya Meo Vac. Kifundo kilikuwa kimevunjika, wakamfunga plasta. Tulikaa kibarazani, mimi, shemeji na yule mtoto, tukapatana. Nililipa dong milioni sita, kama dola 250, pungufu ya bei ya simu niliyompigia picha mto. Polisi hawakuitwa. Shemeji alihesabu zile noti, akanipa mkono, na mimi nikahisi nafuu. Nafuu hiyo ndiyo ninayoionea haya kuliko ajali yenyewe. Ajali ilikuwa ya sekunde tatu, lakini nafuu niliihisi kwa hiari yangu, nikatoka pale nimenyooka mgongo kama mtu aliyemaliza deni. Usiku, kitandani, nilifungua bima yangu ya safari kwa mara ya kwanza. Ilisema wazi kwamba hailipi ajali ya chombo ambacho huna leseni nacho. Na nikamsikia bibi.

Sasa tubishane.

Utaniambia: mbona wenyeji nao wanapanda watatu watatu, bila helmeti, na watoto katikati? Nimelisikia hili kwa kila mtalii, Ha Giang na Jambiani. Kwanza, wenyeji nao wanakufa. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Pili, yule baba anayewapakia watoto wawili anawapeleka shule, na hana gari. Hatari yake imo katika riziki yake, wakati yako umeilipia nauli ya ndege kuifuata. Na mbaya zaidi, huibebi peke yako. Ukiumia wewe, kuna ubalozi, kuna wazazi watakaochanga, kuna ndege ya kurudi. Uliyemgonga anabaki pale pale na shamba lake.

Utasema: utalii unaleta pesa. Kweli, na siukatai, umenisomesha. Lakini tazama pesa inakokwenda na mzigo unakokwenda. Kodi ya pikipiki inamwendea mwenye pikipiki. Ajali inamwendea anayetembea kwa miguu, ambaye hakukodisha kitu wala hakukaribisha mtu.

Utasema, na hapa ndipo vijana wenzangu wanaponikasirikia zaidi: mbona Wazungu wamefanya miaka yote? Ernesto Guevara na rafiki yake Alberto Granado walianza kuizunguka Amerika ya Kusini kwa pikipiki mwaka 1952, na leo ni filamu. Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman waliendesha kutoka Scotland hadi Cape Town, wakapita hapa hapa kwetu na kamera zao. Mwaka 2008 kipindi cha Top Gear kiliwapeleka watangazaji watatu Vietnam kwa pikipiki, mmoja wao akiwa mtu anayezichukia pikipiki hadharani, na kuanguka kukawa sehemu ya kichekesho. Leo Mwafrika amepata pasipoti, amepigania viza hadi jasho limemtoka, amefika, halafu unamwambia ashuke?

Naielewa hasira hiyo, nilikuwa nayo. Nilipopanda pikipiki ile nilijiona nachukua kiti kilichokuwa cha wengine. Nilidhani kwa kuwa ni mimi, mtoto wa Jambiani, basi jambo lenyewe limebadilika. Halikubadilika. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimejifunza kwa wageni wa kwetu kitu kile kile kilichokuwa kikituudhi, nikakiita uhuru kwa sababu sasa kilikuwa chini yangu. Kifundo cha yule mama hakikuuliza pasipoti yangu ya nchi gani.

Tena sisi tuna unafiki wetu wa pekee. Nyumbani, sisi tuliosoma, pikipiki ni aibu. Bodaboda tunawaita wahuni. Hospitali zetu zina wodi ambazo watu wamezipachika jina la wodi ya bodaboda, na tukizipita tunatikisa kichwa. Mama yangu aliniapiza nisipande kamwe. Kisha tunavuka bahari, tunapanda chombo kile kile, kwa ujuzi wa robo saa, na kinakuwa falsafa. Kijana anayeamka alfajiri pale Mwanakwerekwe na kuendesha hadi usiku kwenye mvua, aliyebeba wagonjwa, matenga ya samaki na wajawazito, anajua kuhusu pikipiki mambo ambayo hayamo katika simulizi yoyote ya safari niliyosoma. Hakuna anayemwomba aandike.

Mwaka huo huo wa 2023 gavana wa Bali, kule Indonesia, alipendekeza wageni wapigwe marufuku kukodi pikipiki. Watalii walipiga kelele mtandaoni. Nikiwa mtu wa kisiwani, nilimwelewa kabla sijamaliza kusoma. Sikubaliani naye moja kwa moja, kwa sababu kumzuia mtu kwa uraia wake ni njia ya mkato, na kuna wageni wanaoijua pikipiki kuliko sisi. Anayetakiwa kushuka ni asiyejua. Kama una leseni ya pikipiki inayokubalika katika nchi hiyo, umeendesha kwenu miezi kadhaa kwenye mvua na kwenye foleni, umesoma bima yako, unavaa helmeti nzima na unajua unashika upande gani, nenda, sina neno nawe. Wengi wetu hatuna hata kimoja kati ya hivyo. Tunacho kitabu cha ramani kwenye simu na tamaa ya picha.

Na si kwamba ukishuka utaikosa milima. Siku iliyofuata wenzangu waliendelea, mimi nikakodi dereva. Alikuwa kijana wa kabila la Watay, mzaliwa wa Ha Giang. Wavietnam huiita pikipiki ya abiria xe ôm, na ôm maana yake ni kukumbatia, kwa vile abiria humshika dereva kiunoni. Nikamkumbatia mgeni wangu, au tuseme mwenyeji wangu, siku nzima. Alipiga honi kabla ya kila kona. Alisimama kumpa mwanamke mmoja kifurushi cha dawa alichotumwa kutoka mjini. Alisimama tena kumsalimia mzee, akasubiri ng'ombe wavuke bila kukunja uso. Nilikuwa nimepita katika barabara ile kwa siku tatu nikitazama lami mita tano mbele ya gurudumu, kwa woga. Siku ya nne ndiyo nilipoona kuna watu wanaishi pale. Na pesa yangu ilikwenda mkononi mwa mtu anayeijua kila kona kwa jina, pungufu ya nusu ya ile niliyolipa hospitali.

Niliporudi Jambiani nilikwenda kwa mjomba. Nikamwambia asimpe vespa mtu asiyejua kuendesha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama mtu mzima anavyomsikiliza aliyesoma.

"Mwanangu," akasema, "nikimnyima mimi, atapewa duka la pili. Watoto wangu wale nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu zima. Tulibishana wiki nzima. Mwishowe akakubali jambo moja: kila mgeni azunguke minazi sita ya uani, kwenda na kurudi, mara tatu, huku mjomba akipita mbele yake ghafla kwa miguu. Anayeshindwa anapewa vespa na dereva, binamu yangu, kwa bei ya juu kidogo. Wapo wanaocheka na kukubali. Wapo wanaokasirika na kwenda duka la pili, na mjomba hunitazama kama mimi ndiye niliyemtia mkono mfukoni. Hasara ipo. Nimemwambia nitaifidia, na kila mwisho wa mwezi namtumia kidogo. Yule wa Meo Vac sina njia ya kumtumia. Sikuuliza jina lake.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya na tiketi imo kwenye simu yako, sikukatazi safari. Nenda. Ukifika, na mtu akikunyanyulia dole gumba baada ya robo saa uani, jiulize swali ambalo bibi yangu angekuuliza: kwenu ungefanya hivi? Kama jibu ni hapana, mtafute dereva, mlipe, mshike kiuno.